Kwa Dorika, Ukishapita Turbo

Dorika mwanangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi sina haja ya kuuliza, maana nakusikia kutoka hapa nilipokaa. Uko nyumba ya shangazi yako mwisho wa laini hii ya nyumba za wafanyakazi wa shamba, unaaga watu na kucheka, na kicheko chenyewe ni kile chako cha kuficha woga. Baba yako yuko nje anafunga sanduku lako kwa kamba. Analifunga, analitazama, analifungua, analifunga tena, utafikiri linakwenda vitani Burma. Mvua imekatika na mlangoni kuna mwanga wa kutosha. Nimekaa juu ya gunia la posho na kalamu yako ya zamani, ile uliyoitafuna kichwa.

Habari za sabuni na blanketi na nini usile njiani sitaandika. Hizo utaambiwa na baba yako mpaka treni iondoke, na akisahau moja atakimbia kando ya reli akupigie kelele. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile tulilogombania Jumapili.

Tulipotoka kanisani uliniambia, "Mama, mimi nitaaibika huko chuo. Hao wengine wametoka bodingi, wanaongea Kizungu mpaka kwa ndoto. Mimi nimetoka huku kwa miti ya miwati. Wakijua vile sijui kitu, watanirudisha."

Nikakujibu, "Basi kaa hapa umenye magome na mimi," nikashika ndoo nikaenda mtoni.

Lilikuwa jibu baya. Nilikasirika kwa sababu niliogopa. Kesho unakwenda kusomea ualimu, wa kwanza katika nyumba yetu na katika laini hii yote, na mimi najua woga wa namna hiyo unaweza kumrudisha mtu nyumbani hata kama hakuna aliyemfukuza. Mimi ulinirudisha. Kwa hiyo leo nakupa jibu ambalo ungelipata Jumapili kama nisingekuwa na hasira za mama yangu Kageha, ambazo wewe pia unazo, maana nilikupa jina lake liwe jina lako la nyumbani, na hasira zikaja pamoja nalo.

Nusu ya habari hii unaijua, kwa kuwa watu wa laini hawawezi kunyamaza. Unajua nilifika hapa kutoka Maragoli nikiwa bibi arusi, baba yako akiwa ameandikwa kazi kwa kaburu mwenye shamba hili, na kwamba niliingia darasa la ubatizo. Usichokijua ni jinsi darasa lenyewe lilivyokuwa. Siku hizo mtu hakubatizwa mpaka asome mbele ya wazee wa kanisa, ndiyo maana Wakristo tuliitwa wasomaji. Mwinjilisti wetu alikuwa na kitabu kimoja, na sisi wanawake tulikuwa wengi. Tulikaa duara ndani ya ghala la mahindi, yeye akishika kitabu, na waliokaa ubavuni mwake wakiona maandishi. Mimi nilikuwa mgeni na tena mwenye haya, nikakaa upande wa pili. Nilichokiona ni jalada.

Lakini masikio nilikuwa nayo. Wenzangu walipokuwa wakihangaika na herufi, mimi nilikuwa nameza maneno. Ukurasa wenye picha ya jembe, baba analima shamba. Ukurasa wenye sufuria, mama anapika uji, uji ni moto. Ukurasa wa mbuzi, mbuzi amekata kamba, Petero anamfukuza. Kitabu chote kiliingia kichwani kama wimbo. Siku ya kuulizwa, mzee wa kanisa alifungua ukurasa akanionyesha, nikaona mbuzi, nikasoma mbuzi bila kukwama, huku kidole changu kikitembea juu ya mistari kwa madaha. Wazee walifurahi sana. Nikabatizwa Selina, na ikasemekana kwamba katika wanawake wa shamba hakuna msomaji kama mimi.

Mimi mwenyewe niliamini, Dorika. Sikuwa mwongo bado. Nilifikiri kusoma ndiko huko.

Nilianza kuujua ukweli wanawake walipoanza kuniletea barua za waume zao. Nilifungua ya kwanza nikaona siafu wamejipanga kwenye karatasi, na picha hakuna. Sasa nifanye nini, na mwenye barua amekaa mbele yangu ananitazama mdomo? Barua nilikuwa nimewahi kusikia zikisomwa, najua zinavyokwenda. Nikamwambia, "Anasema salamu nyingi sana, yeye ni mzima, hofu ni kwako tu, na anawasalimu wote wa nyumbani." Akafurahi, akaondoka. Wa pili nikamsomea hivyo hivyo. Wa tatu pia. Hakuna aliyelalamika mpaka mume wa Mama Timina, jirani yetu, aliposhuka stesheni na gunia la viazi kutoka Nakuru, asikute mtu wa kumpokea, akalibeba kichwani kwa mvua mpaka huku. Alipofika alimwuliza mkewe, "Sikuandika nikakuambia uje na punda?" Mama Timina akageuka akanitazama. Nikasema labda barua hiyo ilipotelea posta. Hapo sasa nilikuwa mwongo.

Wewe ulikuwa bado mgongoni wakati Memsaab mmoja wa misheni alipokuja Eldoret kutafuta mwanamke wa kufundishwa. Alitaka mtu aende misheni, akae miezi kadhaa, halafu arudi afundishe wanawake wa mashambani kusoma na kulea watoto. Wazee wa kanisa wakataja jina moja tu, Selina. Nilioga, nikakupaka mafuta ukang'aa, nikaenda. Wanawake wa laini walinisindikiza wakasimama nje, dirishani pa kanisa. Memsaab alinipa kiti, kisha akanipa kitabu kipya ambacho sikuwahi kukiona. Palikuwa na picha ya mtoto ameketi ndani ya karai la maji.

Nilikitazama kitabu. Jasho likanitoka mpaka ukalia mgongoni. Wakati huo ningeweza kusema neno moja tu, sijui, na mambo yangekuwa tofauti. Nikafungua mdomo nikasema, "Mbuzi amekata kamba."

"Soma tena, Mama," Memsaab akasema polepole.

"Petero anamfukuza."

Dirishani palilipuka kicheko. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Memsaab hakucheka. Alifunga kitabu, akaniuliza nilisomea wapi, nikamweleza, macho yangu yakiwa sakafuni. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Mama, kwa nini hukusema hujui? Mtu ninayemtafuta si lazima ajue kusoma. Kusoma atafundishwa huko. Nilitaka mtu wa kuniambia kweli." Akaenda shamba la jirani akamchukua mwanamke mwingine, na huyo mwanamke mpaka leo ni mwalimu.

Nilirudi nyumbani kwa kupitia katikati ya miti ili nisionane na mtu. Kicheko cha wale wanawake kilinichoma kwa muda, kikapoa, na wengine ni marafiki zangu hata sasa. Maneno ya Memsaab hayajapoa. Nafasi ilikuwa yangu. Sikunyimwa na kaburu, wala na baba yako, wala na umaskini. Nilijinyima mwenyewe kwa kuona haya kusema sijui.

Ungefikiri baada ya hapo nilipata akili. Wapi! Nilisema mtoto wangu atasoma, liwe jua iwe mvua, halafu nikakufundisha kwa njia ile ile iliyonifundisha mimi. Unakumbuka. Jioni unasimama kando ya moto, mikono nyuma, unataja mito, milima, miezi, hesabu za kuzidisha, na ukikwama nakuchapa miguu kwa kijiti cha muwati. Majirani walikuja kukusikiliza kama wanavyokuja kusikiliza kwaya. Nilikaa pale nimevimba kichwa, najisemea, huyu sasa ni msomaji kweli. Kama miguu yako inakumbuka kile kijiti, mkono wangu unakikumbuka zaidi, na naomba unisamehe.

Halafu ukaja mtihani wa darasa la nane. Ulikwenda mjini kutazama majina yaliyobandikwa ukutani, ukarudi kwa miguu, viatu mkononi, na sikuhitaji kuambiwa. Nilikuuliza tu ilikuwaje. Ukasema, "Mama, nilijua vitu vyote. Lakini waliuliza kwa njia ingine."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa uchungu. Niliona nimekupitishia yule mbuzi wangu.

 Baba yako si mtu mbaya, unamjua. Akiwa na huzuni ndipo huwa na haraka ya kumaliza mambo. Kesho yake alisema, "Basi. Memsaab wa nyumba kubwa ya kaburu anatafuta yaya. Dorika aende, atapata nguo na chakula."

Nikasema, "Anarudia darasa."

"Atarudia wapi? Mwalimu Yohana amesema madawati yamejaa."

"Atakaa chini."

"Na akianguka tena?"

"Baba Dorika, akianguka tena utamwona amekaa chini mwaka wa tatu."

Mwalimu Yohana, mkuu wa shule yako, nilimchosha. Kila alfajiri kabla ya kwenda kazini nilipitia kwake nikakaa mlangoni pa ofisi. Alikuwa anafika na baiskeli yake, ananiona, anapumua. "Mama Dorika, leo tena?" "Leo tena, Mwalimu." "Nilikuambia nafasi hakuna." "Sijaomba nafasi. Naomba ukuta wa kuegemea." Siku moja akacheka, na alipocheka nilijua nimempata. Lakini aliniambia pia kitu kilichonisaidia kuliko hiyo nafasi. Alisema, "Huyu msichana hana shida ya kichwa. Majibu anayo. Kitu hana ni mtu wa kumwuliza kwa nini. Mtafutie mtu kama huyo."

Nikarudi nikiwaza. Mtu wa kuuliza kwa nini atatoka wapi katika laini hii? Nikapitisha watu wote kichwani nikaona ni mimi. Nilikuwa sijui chochote, kwa hiyo maswali nilikuwa nayo tele.

Na hapo ndipo mikono yangu ilipotusaidia. Mtu asiyemenya miwati hajui: maji ya magome yakikuingia kwenye ngozi hugeuka meusi, na sabuni haiyatoi. Mimi nikishika kitabu chako naacha alama ya vidole vyangu vyote. Kwa hiyo ulipokuja kunikuta mitini baada ya shule, nilikuambia, "Shika kitabu wewe. Mimi namenya. Niambie ndani mna nini."

Ukaanza na hesabu za kujumlisha. Ulisema ikifika kumi unaandika sifuri, unabeba moja.

"Unaibeba kwa nini?" nikauliza.

"Ndiyo kanuni, Mama."

"Sawa. Na hiyo moja imetoka wapi?"

"Imetoka... Unaibeba tu!"

"Nabeba kitu sijui kimetoka wapi? Hata nyapara hawezi kunibebesha mzigo hivyo."

"Mama, wewe huelewi kitu!"

"Ndiyo, sielewi. Nifanye nielewe."

Ukatupa kitabu kwenye nyasi ukaenda zako. Nikaendelea kumenya. Baadaye ukarudi, umenuna, ukakaa kwenye gogo ukinitazama nikipanga vipande vya magome na kuvifunga kwa ukanda wa gome lenyewe, mzigo mmoja, kisha mwingine. Halafu ukasimama ghafla. "Mama! Ngoja. Hivyo vipande, vikifika kumi unafunga, sindio? Basi siyo vipande kumi tena, ni mzigo mmoja. Hiyo ndiyo moja ninabeba. Ni mzigo!" Ulikuwa umeimba hesabu hizo tangu darasa la kwanza, na siku hiyo ndiyo kwanza unaziona. Nilifurahi mpaka nikajikata kidogo kwa panga.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Wewe unaeleza, mimi nakusumbua. Mvua inatoka wapi, kwa nini kivuli hufupika mchana, kwa nini huyo mfalme alikwenda vitani badala ya kukaa kwake. Mara nyingi ulinikasirikia, na mara nyingi zaidi ulisema, "Ngoja kesho nimwulize Mwalimu," na kesho yake ulimwuliza kweli. Ile "ngoja nimwulize" ndiyo iliyokupasisha.

Siku moja ukanigeukia. "Na wewe Mama, kwa nini hujawahi kunisomea kitu?" Nilitaka kukuambia mimi nimebatizwa, mimi ni msomaji. Nikakutazama, nikaona umri wa kudanganyana umepita. Nikasema, "Sijui kusoma, mwanangu. Sijawahi kujua."  Wewe hukucheka. Ulishika kidole changu kilicholowa maji ya gome, ukakiweka juu ya gogo nililokuwa nimelimenya, jeupe na bichi, ukakivuta. Kikaacha alama. "Hiyo ni D," ukasema. "Ya Dorika."

Tuliandika magogo mengi mpaka nyapara akaja juu. "Nani anachafua miti ya bwana?" Ukamjibu, "Ni Mama, ako shule." Yule mzee akakuna kichwa, akazunguka gogo, halafu akauliza kwa sauti ya chini jina lake linaanza na gani.

Wewe ukapasi, na mimi nikajua kusoma. Kitabu cha kwanza nilichokitafuta ni kile cha mbuzi. Nilikisoma herufi kwa herufi, na unajua nilikuta nini? Mbuzi hakukata kamba. Aliila. Miaka yote ile nilikuwa namsingizia.

Sasa nifike kwenye chuo chenyewe. Mwalimu Yohana alipokuambia uandike kuomba nafasi, ulileta barua uliyoinakili kwa wavulana wa darasa lako, ile wanayopitishiana: ninayo heshima kuu kuomba nafasi katika chuo chako kitukufu. Nikakuuliza, "Hicho chuo kitukufu umekiona?" Ukasema hapana. "Basi umejuaje?" Ukasema, "Mama, barua za kuomba huandikwa hivyo!" Nikakuambia, "Najua. Nimewasomea watu barua nyingi." Ukacheka mpaka ukaichana. Ile uliyoandika badala yake ilikuwa na gogo ndani yake, na mwanamke mwenye vidole vyeusi, na mzigo wa magome kumi. Niliona haya kutajwa. Nilikuacha, kwa sababu ilikuwa kweli.

Na ulipoitwa kuulizwa maswali! Nilivaa kofia ya baba yako, nikakaa juu ya debe, nikawa mzungu wa chuo. Ulinijibu vizuri mpaka nikaanza kuogopa, kwa kuwa nilisikia wimbo tena. Basi nikakuuliza mambo ambayo hakuna ajuaye. Mlima Elgon una uzito gani? Mawe ya mtoni huzaliwa lini? Ukaanza kubuni majibu. Nikapiga debe, "Uongo! Toka nje, uingie upya." Ukatoka, ukaingia. Ukatoka, ukaingia. Baba yako alichungulia akasema, "Watu wanafundisha watoto kujua, wewe unafundisha wako kutojua?" Sikumjali. Niliendelea mpaka ukaweza kuinua uso, ukanitazama chini ya kofia, ukasema, "Sijui, bwana, lakini ningeanza kutafuta hivi."

Mwenyewe ulinisimulia kilichotokea huko. Walikuuliza kwa nini meli ya chuma haizami. Ukasema hujui, hujawahi kuona bahari wala meli, lakini ungeanza kwa kuweka debe tupu mtoni lielee, halafu ulijaze mawe kidogo kidogo utazame. Ukaniambia bibi mwalimu mmoja kati yao aliinamisha kichwa akaandika kitu. Kisha jina lako likatoka.

Basi hili ndilo jibu langu la Jumapili, na nataka ulishike. Unaogopa wakigundua hujui watakurudisha. Mwanangu, wameshagundua. Uliwaambia kwa mdomo wako, wakiwa wamekaa mbele yako. Wamekuchukua wakijua, na nafikiri ndiyo maana wamekuchukua. Wewe ndiwe peke yako unayekwenda huko kuficha kitu ambacho kila mtu amekiona.

Wale wa bodingi waache waongee Kizungu chao. Kizungu utakipata. Tafuta kati yao mmoja asiyeona haya kuuliza, ukae naye, umweleze na akueleze. Huenda katika maisha yake yote hajawahi kuulizwa na mtu hiyo moja imetoka wapi. Muulize wewe, kwa upole, siyo kama mimi.

Kutakuwa na siku hamu ya kusoma haitakuwepo kabisa, nami sitakudanganya kwamba itarudi ukiiombea. Umeniona kiangazi. Wakati wa mvua gome huambuka lenyewe, ukilivuta linakuja mpaka juu. Kiangazi linang'ang'ania mti, na wanawake wageni hukaa chini wakisubiri wingu, au hupigana na mti mpaka panga linawaumiza. Mimi nagonga kwa mgongo wa panga, natoa kidogo, nagonga tena, namaliza mti mmoja, narudi nyumbani kupika. Wewe pia fanya hivyo, halafu ulale. Nilikukesheza sana ulipokuwa mdogo mpaka ukawa unasinzia kanisani, na hakuna kilichobaki kichwani kutokana na usingizi niliokunyima.

Na siku utakayojikuta unatikisa kichwa kumkubalia mwalimu na ndani hujaelewa, simama hapo hapo. Inua mkono. Uso utawaka moto, nakwambia kweli, utawaka. Acha uwake. Wangu uliwaka kwa sababu ya uongo na haukunifaa kitu.

Sasa juu ya barua zako. Usithubutu kuniandikia kwamba wewe ni mzima, hofu ni kwangu tu, na unawasalimu wote. Hiyo naijua kwa moyo, nimeisoma nikiwa sijui kusoma. Niandikie kitu ulichoshindwa kuelewa wiki hiyo. Nieleze umekwama wapi, nami nitakuuliza kwa nini, kwa barua, mpaka unikasirikie. Ukiniandikia kwamba unaelewa yote, nitapanda treni nije huko na mikono yangu hii, nigonge mlango wa mkuu wa chuo, nimwambie kuna mtoto wake anaimba.

Huku usiwe na wasiwasi nasi. Wanawake wa laini wameniomba niwafundishe kusoma. Wa kwanza kuomba ni Mama Timina, fikiria. Nimewaambia mbele ya wote kwamba kuna maneno mengi siyajui bado, wakasema wanajua, walikuwa dirishani. Tutakuwa na kitabu kimoja tena. Lakini safari hii kitazunguka, kila mmoja akishike, na asiyeona atasogea.

Baba yako ananiita nije nione alivyolifunga sanduku. Kesho nitakupa barua hii stesheni. Usiifungue mbele yake, atalia halafu asingizie moshi wa treni. Isome ukishapita stesheni ya Turbo, na uwe na kalamu mkononi. Nimeandika bila kunakili popote, kwa hiyo nimekosea mahali pengi, na pengine najua nimekosea lakini sijui ni vipi. Pitia yote, sahihisha kila kosa, uirudishe kwa posta. Usinionee huruma hata kidogo.

Mwanafunzi wako wa kwanza,
mama yako,
Selina.